Barua ya wazi kwa wasimamizi wa filamu Zanzibar: stelingi akiruka mwenyewe, maji kayapima nani?

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia filamu, sanaa na usalama wa kazi,
Unguja na Pemba.

YAH: MASHARTI YA USALAMA KATIKA VIBALI VYA FILAMU ZENYE MICHEZO YA HATARI

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum.

Sisi ni watu wa nyuma ya kamera: wapangaji wa mapigano, wafunga kamba, wapiga mbizi na walimu wa judo na karate tunaoitwa pale mswada wa filamu unapotaka mtu aanguke, apigane, aungue au aruke baharini. Hoja zilizomo humu tumeshazifikisha kwa barua na kwa mdomo panapohusika. Tulipokewa kwa heshima, tukaambiwa suala litafanyiwa kazi, na mpaka leo kibali kinatoka bila ya kuulizwa swali hata moja juu ya mwili wa mwigizaji. Mswada unasomwa lugha, mavazi na mila, nasi tunaliunga mkono hilo. Lakini ukurasa ulioandikwa "anaruka kutoka darini" unapita sawasawa na ukurasa wa watu wanaokunywa chai barazani. Ndiyo maana leo tunasema mbele ya watu.

Tuanze kwa kuondoa dhana moja. Hatuandiki kuwapinga waigizaji wanaotaka kufanya wenyewe. Tunajua kwa nini wanataka, na tunajua watazamaji wanapenda nini. Watu wa visiwa hivi wamelelewa na picha za mapigano, tangu enzi za kumbi za sinema za Majestic na Cine Afrique, za picha za Kihindi na za Bruce Lee, mpaka vibanda vya video na simu za leo. Mtazamaji wa hapa ana jicho. Uso ukigeuzwa na picha ikakatwa kabla ya mtu kufika chini, anajua aliyeanguka si stelingi, yaani mwigizaji mkuu, na ukumbi unaguna. Picha isipokatwa, uso ukaonekana tangu juu mpaka chini, watu wananyanyuka vitini.

Hilo lilijulikana tangu zamani. Mwaka 1928 Buster Keaton, mchekeshaji wa filamu bubu za Marekani, alisimama mbele ya nyumba, ukuta wake mzima wa mbele ukamwangukia, akapona kwa sababu dirisha lililo wazi lilipita pale pale aliposimama. Kamera ilikaa mbali na haikukatwa, na mpaka leo anayeitazama mara ya kwanza hushika kichwa. Mwaka 1985, katika Police Story, Jackie Chan aliteremka kwa nguzo iliyozungushiwa taa ndani ya jengo la maduka, viganja vikaungua, na mruko ule ukaonyeshwa tena na tena kwa pembe tofauti, kwa kuwa alijua mtazamaji anataka kuhakikisha. Ndiyo pia sababu filamu zake zinamalizika kwa vipande vilivyoharibika: mtu kachelewa kuruka, mtu kashikwa mguu, mtu kabebwa. Watu hawaondoki mpaka viishe.

Na watazamaji hawashangilii maumivu, wanaosema hivyo wanawadhulumu. Tarehe 26 Julai 1982, huko Bangalore, Amitabh Bachchan aliumia vibaya tumboni katika mapigano ya filamu ya Coolie, India nzima ikamwombea dua. Filamu ilipotoka mwaka 1983, picha ilisimamishwa pale pale alipoumia na maandishi yakaeleza kuwa hapa ndipo. Ukumbi uliokuwa ukipiga makofi hunyamaza. Mwisho wa filamu ulibadilishwa ili mhusika wake aishi, na watu wakalipokea hilo kwa furaha. Mtazamaji anataka kuona ujasiri wa kweli na mtu mzima mwishoni.

Sasa tatizo letu. Vijana wetu wanaona sekunde kumi za matokeo. Hawaoni kilichotangulia. Pikipiki aliyoruka nayo Tom Cruise kutoka mlimani Norway katika filamu ya Mission: Impossible ya 2023 ilitanguliwa, kwa maelezo ya watengenezaji wenyewe, na miruko zaidi ya 500 ya parachuti na miruko 13,000 ya pikipiki ya mazoezi. Hata hivyo Tom Cruise huyo huyo mwaka 2017, London, akiwa amefungwa kamba za usalama, alivunjika kifundo cha mguu akiruka kutoka paa hadi paa, na kazi ikasimama kwa wiki kadhaa. Jackie Chan ana kikosi chake cha watu wa michezo ya hatari tangu miaka ya 1970, na bado huko Yugoslavia tawi la mti lilimwangusha akapasuka fuvu. Hao ndio waliojiandaa kuliko wote. Hapa kwetu stelingi anapewa godoro la sentimita 15 na kuambiwa "bismillahi, twende".

Malalamiko yetu ni haya.

1. Bahari inapigiwa picha kwa saa ya jua, si kwa saa ya maji.

Hili ndilo linalotutia hofu kuliko yote, kwa sababu ndilo rahisi kuliko yote. Ukuta wa Forodhani upo, jua linazama mbele yake, vijana wa makachu, wanaoruka baharini kwa mbwembwe, wameufanya ujulikane duniani, na kila mwenye kamera anataka stelingi wake aruke pale.

Vijana wa makachu wanalijua lile eneo jiwe kwa jiwe, na wanasubiri maji. Mwenye kamera hasubiri. Katika bandari ya Unguja maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, hukaribia mita 4. Siku za bamvua maji hujaa kiasi cha saa 10 alasiri. Mwenye kamera anataka saa 12 na zaidi, mwanga uwe wa dhahabu. Kwa saa mbili hizo maji yameshashuka kama robo ya tofauti ile, yaani kiasi cha mita nzima. Siku za maji mafu, yaani maji madogo ya nusu mwezi, ni kinyume: saa 10 alasiri ndiyo maji yamekupwa. Tena kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo kina kilichopimwa juzi saa ile ile si kina cha leo. Stelingi aliyefanya mazoezi Jumatatu akapona anaweza kuvunjika shingo Alhamisi kwa mruko ule ule, hali hakukosea kitu.

Mabwawa ya mashindano huweka maji ya kina cha mita 3.5 hadi 4 chini ya ubao wa mita 3, na karibu mita 5 chini ya jukwaa la mita 10. Na kule chini ni sakafu iliyo sawa, isiyo na kitu. Ukutani kwetu kuna mawe, vyuma vya zamani na kamba za nanga za boti. Kupima hakuhitaji mashine. Bildi, ile kamba ya risasi ya kupimia kina, inatosha, au kamba yenye jiwe la kilo moja na fundo kila nusu mita, ikishushwa mahali pa kuangukia na mita 2 kila upande, robo saa kabla ya kuruka. Kisha mtu apige mbizi aguse chini kwa mkono.

Mavazi nayo yanazamisha. Suruali ya jinzi na buti zikijaa maji hazimwachi mtu kupiga miguu. Novemba 2016, karibu na Bangalore, waigizaji watatu wa filamu moja waliruka kutoka kwenye helikopta kuingia bwawani. Wawili walizama mbele ya kamera, stelingi peke yake akaokolewa. Wale wawili walikuwa wameshasema hadharani kwamba kuogelea hawakuwezi vizuri, na boti ya uokozi haikuwafikia kwa wakati. Watazamaji wa India hawakushangilia. Walikasirika, na walikuwa na haki. Tunachodai kwa bahari yetu ni boti ambayo injini yake tayari inanguruma kabla ya mtu kuruka, waogeleaji wawili wenye mapezi wakiwa ndani ya maji, jaketi jembamba la kuelea chini ya vazi, na stelingi aliyejaribiwa kuogelea akiwa amevaa nguo za filamu.

2. Watu wanaangushwa bila ya hesabu.

Anayeanguka mita 3 hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa. Mita 6 ni karibu 39. Mita 10 ni 50. Lakini mwendo si wenyewe unaovunja mfupa. Kinachovunja ni ufupi wa umbali anaopewa kusimama. Godoro la sentimita 15 likibonyea mpaka likabaki sentimita 5 limempa sentimita 10 tu, na kutoka mita 3 mwili wake unabeba zaidi ya mara 30 ya uzito wake. Mrundo wa maboksi unaobonyea sentimita 60 hushusha mzigo huo mpaka mara 5 au 6. Tofauti ni ya mtu kuinuka na mtu kubebwa.

Maboksi hayo yamejaa Darajani na kwenye maduka ya vifaa vya umeme, na mara nyingi hutolewa bure. Yawe makavu, matupu, ya saizi moja, upande wa sentimita 45 hadi 60, yafungwe kwa gundi ya karatasi nyembamba ili yapasuke, bila ya pini za chuma. Yapangwe kwa safu zenye nafasi ndogo katikati ili hewa itoke, safu juu ya safu, godoro juu yake, kisha turubai lizungushwe na kufungwa kamba ili mrundo usitawanyike. Upana uzidi mahali panapolengwa kwa mita moja na nusu kila upande. Mwaka 2017 huko Georgia, Marekani, mtu wa michezo ya hatari mwenye uzoefu mkubwa aliikosa mito ya kuangukia kutoka kiasi cha mita 6 na akafa. Mito ilikuwepo, mwili ndio ulioangukia kando.

Kabla ya mtu, linaangushwa gunia la mchanga lenye uzito wake, kutoka pale pale. Likigusa ardhi, mrundo unaongezwa. Maboksi yaliyobonyea hubadilishwa kila baada ya mruko mmoja. Na hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya nchi kavu haviliandiki: wakati wa masika maboksi yaliyolala nje usiku mmoja hunywa unyevu na asubuhi hayana nguvu tena, hata kama kwa macho yanaonekana mazima. Yahifadhiwe ndani, yapangwe siku ile ile.

Mwigizaji aangukie mgongo, kidevu kifuani, mikono ikitandazwa. Mwenye kuangukia miguu huvunjika magoti. Zanzibar ina wacheza judo wa kutosha waliofundishwa kuanguka kabla ya kufundishwa kuangusha. Waitwe.

3. Mji Mkongwe unafanywa ngazi ya kupandia.

Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, dari zimebebwa na boriti za mikoko, na sehemu nyingi zimeshakula chumvi na maji ya mvua kwa miaka. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka watu wawili wakafariki, na lile ni jengo kubwa lililokuwa likitazamwa na kila mtu. Sasa mtu anamfunga stelingi kamba, anaifunga kamba hiyo kwenye nondo ya dirisha iliyopachikwa kwenye chokaa, au kwenye roshani ya mbao, kisha anamwambia aning'inie. Chokaa haishiki mvuto wa ghafla. Nondo hutoka na kipande cha ukuta.

Kamba nayo ni tatizo. Kamba ya plastiki ya kufungia vyombo vya baharini huoza kwa jua, haivutiki vya kutosha, na ikipita juu ya kona ya jiwe la matumbawe hukatika kama uzi. Ya kumpokea anayeanguka ni kamba ya wapanda milima inayovutika. Ya kumshusha taratibu ni ile isiyovutika. Na hazibadilishani kazi. Ziwe mbili, zifungwe mahali pawili tofauti, na kila kona iwekewe gunia au mpira. Paa la mabati yenye kutu halirukiwi na mtu yeyote.

4. Silaha za kweli na ngumi za uchovu.

Hatuoni sababu ya panga la chuma kuonekana mahali pa kupigia filamu ya mapigano. Seremala anachonga la mbao kwa muda mfupi, linapakwa rangi ya fedha, na kwa mbali kamera haitofautishi. La chuma liwepo kwa picha ya karibu pekee, akiwa nalo mtu mmoja asiyepigana.

Kuhusu bunduki, isiwepo inayoweza kufyatua kitu, hata risasi tupu. Tarehe 31 Machi 1993 mwigizaji Brandon Lee aliuawa akiwa kazini North Carolina, Marekani. Kichwa cha risasi ya maonyesho kilikuwa kimebaki ndani ya mtutu bila ya mtu kukagua, kisha bunduki ikatiwa risasi tupu, na baruti ya ile tupu ikakisukuma kile kichwa. Vitu viwili vinavyoaminika kuwa salama vilikutana. Oktoba 2021, New Mexico, huko huko Marekani, mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa na risasi ya kweli iliyoingia kwenye silaha ya filamu. Nchi ile ina wataalamu wa silaha za filamu. Sisi tutumie za mbao na plastiki, mlio na moshi viwekwe baadaye kwenye kompyuta.

Ngumi nzuri haigusi. Inapita mbele ya pua kwa umbali wa kiganja, kamera ikiwa nyuma ya bega la mpigaji ili nafasi ile isionekane, na anayepigwa ndiye anayeiuza kwa kugeuza kichwa. Sauti ya kofi inatiwa baadaye. Mapigano hufundishwa kwa mwendo wa robo, kisha nusu, kisha robo tatu, na hapo ndipo yanapopigwa picha. Mwendo kamili hauhitajiki. Meno hayatoki asubuhi. Yanatoka usiku, mara ya kumi na kitu, watu wamechoka, hawajala, na mwongozaji anasema "moja ya mwisho". Tunataka kikomo cha idadi ya kurudia, kiandikwe kabla ya kazi kuanza.

5. Moto, pikipiki na ng'ombe.

Petroli isitumike kumwasha mtu wala kuwasha karibu yake: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, na moto huruka kuufuata. Nguo za polista huyeyuka zikanata kwenye ngozi. Mwigizaji avae pamba. Ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe moto wa filamu upigwe marufuku moja kwa moja.

Pikipiki haihitaji mbio. Kamera ikipiga fremu 18 kwa sekunde na filamu ikaonyeshwa kwa 24, pikipiki iliyokwenda kilomita 30 kwa saa itaonekana inakwenda 40. Helmeti inafichwa kwa pembe ya kamera.

Pemba wapo wanaotaka stelingi wao aingie katika mchezo wa ng'ombe ili picha ipate msisimko. Mchezo ule una wenyewe. Ng'ombe hufungwa kamba ndefu na kamba ina watu wake wanaojua lini kuvuta na lini kulegeza, na wanaocheza mbele wamekua nao. Mgeni hawekwi pale kwa sababu ya kamera.

6. Akiumia, hakuna aliyejiandaa.

Kutoka Nungwi hadi hospitali ya Mnazi Mmoja ni zaidi ya kilomita 50. Kila mahali pa kazi pawe na gari lenye dereva asiye na kazi nyingine, ubao wa kubebea majeruhi, na mtu aliyefunzwa huduma ya kwanza. Aliyeanguka asiinuliwe kwa makwapa. Huo ni wema wetu wa kawaida, watu kumkimbilia na kumbeba, lakini mfupa wa shingo uliopasuka unaweza kukata uti wa mgongo wakati wa kubebwa, mtu akapooza kwa mikono ya waliompenda. Ashikwe kichwa pale pale alipo mpaka ubao ufike.

Na mbadala wa stelingi, yule anayeanguka badala yake, analipwa posho ya siku, hana mkataba, hana bima, jina lake haliandikwi mwishoni. Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya 2005 za Zanzibar zipo. Mahali pa kupigia filamu ni mahali pa kazi.

Tunajua majibu tutakayopewa, kwa kuwa baadhi tumeshayasikia.

Mtasema filamu zetu ni ndogo na hazina fedha. Maboksi, gunia la mchanga, jiwe na kamba vinagharimu kidogo kuliko chakula cha siku moja cha kikosi cha filamu. Kilichokosekana ni nusu siku ya maandalizi, na hiyo haitolewi kwa hiari mpaka kibali kiitake. Ardhi haipunguzi ugumu kwa ajili ya filamu ndogo.

Mtasema waigizaji ni watu wazima na wamekubali wenyewe. Kijana anayetafuta jina, akiwa ameambiwa kuna wengine kumi nje wanaoitaka nafasi hiyo, hana nafasi ya kukataa. Na wengi hukubali bila ya kujua wanachokubali; muulizeni stelingi yeyote maji ya Forodhani yalikuwa na kina gani aliporuka.

Mtasema masharti yatawafukuza wageni wanaoleta kamera zao. Makampuni makubwa ya nje yamezoea kuulizwa mratibu wa michezo ya hatari ni nani na bima iko wapi. Yanayokimbia swali hilo ndiyo yanayofaa kuzuiwa.

Na wapo watakaosema watazamaji wanataka uhalisia. Watazamaji wanataka uso wa stelingi na picha isiyokatwa. Vyote viwili vinapatikana juu ya mrundo wa maboksi ulio nje ya fremu kwa nusu mita. Akshay Kumar, stelingi wa India ambaye mashabiki wake wa hapa wanamsifu kwa kufanya mwenyewe, ndiye aliyegharimia bima ya mamia ya watu wa michezo ya hatari wa India. Hajapungukiwa na sifa.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, tunaomba:

(a) Kila mswada wenye kuanguka zaidi ya mita moja na nusu, kuruka majini, moto, silaha, chombo cha moto kinachokwenda kwa mbio au mnyama, uambatane na karatasi ya mpango: nani anafanya, wapi, saa ngapi, vifaa gani, nani mratibu. Kwa bahari, saa ya maji na kina viandikwe.

(b) Mratibu huyo awe na mamlaka ya kusimamisha kazi, na mwongozaji wala mwenye fedha asiweze kumpinga siku hiyo.

(c) Mikataba ya maandishi na bima ya ajali kwa stelingi na kwa mbadala wake, vionyeshwe kabla ya kibali kutoka.

(d) Kwa majengo ya Mji Mkongwe, kibali cha kupanda au kufunga kamba kitoke baada ya fundi wa majengo kukagua pale pale panapofungwa.

(e) Ajali iandikwe na kupelekwa kwenu ndani ya siku tatu, hata kama mtu aliinuka akacheka. Majeraha ya kichwa na ya shingo huweza kuonekana baadaye: Buster Keaton alivunjika mfupa wa shingo akipiga filamu ya 1924, na aligundua baada ya miaka mingi.

(f) Majina ya walioruka, walioanguka na waliofunga kamba yaandikwe mwishoni mwa filamu. Aprili 2025 waandaaji wa tuzo za Oscar walitangaza tuzo ya ubunifu wa michezo ya hatari, itakayoanza kwa filamu za mwaka 2027. Filamu zinazoonyeshwa Ngome Kongwe wakati wa ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar lililoanzishwa 1997, zingestahili watazamaji wajue pia nani alipanga ule mruko uliowanyanyua vitini.

(g) Mafunzo ya siku chache kwa waongozaji na waigizaji, Unguja na Pemba. Sisi tutafundisha bila ya malipo.

Tunaomba majibu ya maandishi. Na kama mtapenda kuona kabla ya kuandika, tutajieni siku na mahali. Tutakuja na maboksi, gunia la mchanga, turubai na bildi, tuwaonyeshe kwanza gunia likianguka juu ya godoro la sentimita 15, kisha juu ya maboksi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Wapangaji wa mapigano, wafunga kamba, wapiga mbizi na walimu wa judo na karate
Unguja na Pemba